Tembo wa Tabora Hakuchakaa: Majibu kwa Madai ya Soko la Sarafu za Dhahabu

Soko la sarafu kongwe za dhahabu lina maneno yake ya kudumu. Utayasikia kwa sonara, kwa dalali, kwa mrithi aliyefungua kijaluba cha marehemu bibi yake, na hata kwa watu walionunua na kuuza miaka nenda miaka rudi. Machache ni uongo wa makusudi. Mengi ni nusu ya ukweli iliyorudiwa mpaka ikaonekana nzima. Yote yanahusu daraja, yaani hali ya sarafu, na daraja ndilo linaloamua kama kipande kitalipwa bei ya dhahabu yake tu au mara kadhaa zaidi.

Kwanza tukubaliane juu ya swali lenyewe. Anayetoa daraja haulizi sarafu inapendeza kiasi gani, ni ya mwaka upi, wala ina uzito gani. Anauliza: tangu ilipotoka chini ya muhuri wa mtambo, imepatwa na nini? Madai nitakayoyajibu hapa karibu yote yanapotoka kwa sababu yanajibu swali jingine.

"Iking'aa kama kioo, hiyo ni daraja la kwanza"

Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa fedha zao. Kung'aa kupo kwa namna mbili, na namna hizo mbili ni maadui.

Muhuri unapoigonga sarafu, dhahabu hubanwa na kusogea kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni. Msogeo huo huacha nyuzinyuzi ndogo mno juu ya uso, ambazo jicho tupu halizioni moja moja lakini huziona zikiirudisha nuru kwa pamoja. Ishike sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini. Iweke chini ya taa moja ya balbu, si mwanga wa dirishani unaotoka kila upande, kisha iinamishe polepole na kuizungusha. Sarafu ambayo uso wake haujaguswa itakuonyesha miale inayozunguka uwanja wake kama mapanga ya feni. Mwale unapopita juu ya shavu la mfalme au juu ya bega la farasi haukatiki. Ukikatika hapo, ukaona doa lililofifia lenye rangi ya kijivu au ya kahawia kidogo, umepata mahali ambapo mkusuguo ulianzia.

Sarafu iliyong'arishwa hung'aa pia, tena pengine zaidi, ila mng'ao wake umetulia. Ukiiinamisha, uso wote unawaka na kuzimika kwa mara moja, bila mwale unaotembea. Chukua lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10 uutazame uwanja: utaona mistari myembamba kama unywele, mingi ikielekea upande mmoja, mwelekeo wa mkono uliokuwa umeshika kitambaa. Mistari hiyo hukimbia mpaka kwenye herufi na kusimama, kisha huendelea upande wa pili wa herufi, maana kitambaa kilipanda na kushuka. Katika pembe za ndani za herufi, mahali kitambaa kisipofika, uchafu wa miaka bado umekaa. Ukiyaona hayo mawili pamoja, usisumbuke kujadili daraja.

Upo upande mmoja ambao dai hili lina haki. Sarafu za maonyesho, zilizogongwa kwa mihuri iliyosuguliwa makusudi ili zitunzwe na zisitumike, kweli huwa na uwanja wa kioo. Utazitambua kwa ukali wa kingo za herufi na kwa ukingo wa nje uliosimama wima. Lakini hata kanuni hiyo haitoshi kuegemea. Mwaka 1902, kwa kutawazwa kwa Edward wa Saba, mtambo wa kifalme wa London ulitoa sarafu za maonyesho zenye uso uliofifishwa, usio na kioo kabisa. Mtu anayetafuta kung'aa tu angezirudisha mezani akidhani zimesuguliwa na mchanga.

"Dhahabu haichakai"

Haishiki kutu, hilo ni kweli. Kuchakaa ni jambo jingine. Dhahabu tupu ni laini mno hata haifai kwa matumizi ya mkononi, ndiyo maana wagongaji waliichanganya. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ni karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu kwa sehemu moja ya madini mengine, kwa kawaida shaba. Dola 20 ya Marekani ina dhahabu sehemu 900 katika 1,000. Mchanganyiko huongeza ugumu, hauzuii mkusuguo. Kwenye pauni yenye Mtakatifu George akipigana na joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci wa mwaka 1817, tafuta kwanza kofia ya vita, paja la mpanda farasi na bega la farasi. Upande wa pili inategemea nani ametawala: nywele juu ya sikio la Victoria kijana, au shavu na masharubu ya George wa Tano.

Kisha kuna majeraha ambayo hayahusiani na kutumika. Dola 20 ya Marekani ina uzito wa gramu 33.4 na upana wa milimita 34, na zilikuwa zikifungwa mifukoni, vipande 250 kwa mfuko, thamani ya dola 5,000. Mfuko huo ni zaidi ya kilo 8 za vipande vizito na laini vikigongana kila unapobebwa, unapotupwa kwenye gari la farasi, unaposhushwa bandarini. Nyingi zilivuka bahari zikalala katika hazina za benki za Ulaya bila kununua hata mkate. Zikarudi na makovu usoni. Kwa hiyo sarafu inaweza kuwa haijawahi kutumika na bado uso wake ukawa umepigwa vibaya, na nyingine ikawa imepita mikononi kidogo na bado inapendeza zaidi. Msomaji wa daraja lazima ajue kutofautisha mkwaruzo wa mfukoni, ambao ni mkali, umezama na unametameta ndani, na mkusuguo wa mikono, ambao ni mpana, laini na umezima.

Wanaopenda dai hili hutaja meli ya SS Central America, iliyozama nje ya pwani ya Carolina mwezi Septemba 1857 na mzigo wake kuanza kuopolewa mwaka 1988. Dhahabu yake ilitoka ikiwa mbichi, hasa dola 20 zilizogongwa San Francisco mwaka huohuo wa 1857. Mfano ni mzuri, lakini nyingi zilitoka zimefunikwa na ganda la kutu ya chuma cha meli na mashapo mengine, zikahitaji kazi ya kitaalamu kabla ya kuonekana. Chumvi haikuila dhahabu. Haikuiacha safi pia. Hata kabatini, shaba iliyomo ndani inaweza kutoa vidoa vyekundu mahali ilipokosa kuchanganyika sawasawa.

"Mchoro ukiwa bapa, sarafu imechakaa"

Hili ndilo dai linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaionea sarafu moja iliyozaliwa kwetu.

Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliotawala huku kwetu walikuwa wamebanwa. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha mpya haikuweza kufika kutoka Ulaya, na askari na wachukuzi walihitaji kulipwa. Wakageukia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, sehemu ambayo leo iko mkoa wa Singida, na karakana ya reli huko Tabora. Hapo zikagongwa rupia 15: upande mmoja tai mwenye taji, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, chini yake mwaka 1916 na herufi T. Dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000, uzito takriban gramu 7.2, na jumla yake ni vipande 16,198. Ziko za namna mbili, zinazotofautishwa na mahali urembo wa upande wa kulia unapokomea chini ya neno OSTAFRIKA. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Sasa fikiria mazingira. Mafundi wa reli hawakuwa na mtambo wa Berlin. Mihuri ilichongwa papo hapo, na hapakuwa na shinikizo la kutosha wala muda wa kurudia. Mwili wa tembo ni shimo kubwa kwenye muhuri wake. Kifua cha tai ni shimo jingine kwenye muhuri wa upande wa pili. Dhahabu iliyobanwa katikati ilitakiwa ijaze yote mawili kwa pigo moja. Mara nyingi haikufika. Ndiyo maana utakuta sarafu ya Tabora ambayo ubavu wa tembo hauna mikunjo ya ngozi, au manyoya ya kifua cha tai yamefifia, ilhali haijawahi kununua chochote.

Anayeitazama haraka anasema: imetumika sana, ni ya daraja la kati. Anakosea, na kosa lake linaonekana kwa njia tatu. Kwanza, aangalie ukingo. Ukingo ulioinuka upo ili ulinde mchoro, na mkono au meza huugusa kabla ya kumgusa tembo. Ikiwa ukingo na herufi za pembeni ni kali, na ubapa uko katikati peke yake, hakuna mkono uliofanya hivyo. Pili, aangalie ngozi ya sehemu bapa. Mahali dhahabu ilipokosa kupanda, hubaki na ukwaruukwaru wa kipande kabla hakijagongwa, na mng'ao hupita juu yake bila kukatika. Mahali palipochakaa ni laini, pamezima, na mpaka wake na sehemu nzima huonekana.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda: aitazame mistari iliyo uwanjani kwa lenzi na nuru ya pembeni. Mihuri iliyochongwa kwa haraka huwa na alama za tupa na za msasa, na alama iliyozama kwenye muhuri hutokea ikiwa imeinuka kwenye sarafu. Mstari ulioinuka ni wa muhuri. Mstari uliozama ni wa maisha ya sarafu. Ufa wa muhuri nao hutokea kama uzi ulioinuka, pengine kutoka herufi moja hadi nyingine. Vitu hivi haviishushii sarafu daraja. Nimesikia mtu akiilaumu sarafu ya Tabora kwa "mikwaruzo" ambayo yote ilikuwa imeinuka. Alikuwa anausoma muhuri akidhani anaisoma sarafu.

Haki itendeke kwa wanunuzi pia. Wauzaji wameshajua kwamba Tabora iligongwa kwa udhaifu, na sasa kila tembo aliyesuguliwa hadi mfupa anauzwa kwa maelezo kwamba "ndivyo zilivyotoka". La. Ikiwa nukta za juu zote za pande zote mbili zimezima, ikiwa ukingo umelala, ikiwa herufi za pembeni zimenenepa na kupoteza kona, hapo fundi wa reli hana hatia. Tena hata udhaifu wa kweli wa pigo una gharama yake: daraja la kuchakaa linaweza kubaki juu, lakini mnunuzi mwenye uchaguzi atamlipa zaidi tembo mwenye mikunjo. Hizo ni hesabu mbili, na kosa ni kuziandika kwenye mstari mmoja. Kampuni ya NGC, inapozipa daraja sarafu za kale za kugongwa kwa nyundo, hufanya hivyo waziwazi: hutoa daraja la kuchakaa, halafu hutoa alama ya pigo kati ya 5 na alama ya uso kati ya 5. Ningependa desturi hiyo ihamie kwa tembo.

"Isafishe kwanza, ndipo uipeleke"

Usiisafishe.

Najua jibu hilo linamkera mtu mwenye sarafu yenye utando wa mafuta na vumbi la sandukuni. Na najua nini kitatumika: dawa ya meno, magadi, ukwaju, jivu, na kwa sonara tindikali na brashi ya mtambo. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. Ndiyo kazi yake. Kwenye dhahabu ya karati 22 inaacha mistari niliyoieleza hapo juu, na mistari hiyo haiondoki, kwa maana dhahabu iliyokuwa pale imekwenda. Tindikali haiili dhahabu yenyewe kirahisi, ila hula shaba na fedha iliyochanganywa juujuu, na sarafu hubaki na rangi ya manjano iliyopauka isiyofanana na ndugu zake. Mtu aliyezoea huiona rangi hiyo kabla hata ya kushika lenzi. Na brashi ya mtambo hula mchoro wenyewe, kofia ya Mtakatifu George ikatoka kama yai.

Kazi ya sonara ni kufanya dhahabu ipendeze, na anaifanya vizuri, hana kosa. Kosa ni kumpelekea kitu ambacho thamani yake iko katika kutoguswa. Kampuni za daraja zikipokea sarafu iliyosafishwa vibaya hukataa kuipa namba kamili, huandika tu kiasi cha mchoro kilichobaki na kwamba imesafishwa. Kinachoruhusiwa ni kuondoa mafuta bila msuguo: kuilaza katika asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto na mahali penye hewa, kisha kuitoa na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Ikiwa utando unagoma, uache ugome.

"Pima tu, mizani haidanganyi"

Mizani haidanganyi, ila haikuulizwa habari ya daraja. Pauni ya dhahabu hutoka mtamboni na uzito wa gramu 7.988. Kwa sheria ya fedha ya Uingereza ya mwaka 1870, iliposhuka chini ya nafaka 122.5, ambazo ni takriban gramu 7.938, haikuwa tena malipo halali. Tofauti ni kama sehemu tano katika mia za gramu. Yaani safari yote, kutoka pauni mbichi hadi pauni ambayo benki ingeikataa, imo ndani ya gramu 0.05, na mizani ya dukani inayosoma desimali moja karibu haiioni. Katikati ya safari hiyo ndimo zilimo daraja zote zinazobadilisha bei.

Uzito hufaa kwa mambo mengine: kukamata sarafu iliyosuguliwa ukingo kwa tupa, au ya shaba iliyopakwa dhahabu. Hata hapo usijipe moyo sana. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, José Beraha alikuwa akigonga pauni mjini Milan kwa dhahabu kamili, akinufaika na tofauti kati ya bei ya dhahabu na bei ya sarafu. Italia ilipoitaka Uswisi imrudishe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mahakama ya Uswisi ilikataa. Pauni zilizoghushiwa kwa dhahabu halali zilitapakaa Mashariki ya Kati katika miaka hiyo na zingine zimeingia katika vijaluba vya pwani yetu. Mizani inazikubali. Zinafichuliwa na uso: meno ya ukingoni yasiyo sawa, herufi zenye kona za mviringo, vinundu vidogo uwanjani, na mng'ao wa sabuni usiozunguka. Mtu anayejua kusoma daraja huzikamata akiwa katika kazi yake ya kila siku, bila hata kusudi.

"Ni ya kale sana" na "ni adimu sana"

Madai haya mawili yanakwenda pamoja na jibu lake ni fupi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Dinari iliyofukiwa mapema katika maisha yake inaweza kuwa na uso mbichi kuliko pauni ya 1911 iliyokaa mfukoni mwa mfanyabiashara. Umri hauchakazi, mikono ndiyo inayochakaza. Na uhaba ni jambo la idadi. Dinari za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, zilikuwa tatu tu mtaalamu wa sarafu Helen Brown alipozichapisha mwaka 1991. Zingekuwa zimesuguliwa hadi bapa, zingebaki na thamani ileile ya kihistoria, na daraja lao lingekuwa la chini. Adimu na mbovu ni maneno yanayoweza kukaa kwenye kadi moja.

"Namba ya kwenye kasha ndiyo neno la mwisho"

Kwa heshima zote kwa kampuni zinazofunga sarafu katika makasha ya plastiki, hapana. Hebu tuangalie namba hizo zilikotoka. Mwaka 1949 William Sheldon, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi yake za miaka 1793 hadi 1814. Humo aliweka kipimo cha 1 hadi 70, na mantiki yake ilikuwa ya bei: senti katika hali bora kabisa ilikuwa, sokoni wakati huo, na thamani ya kama mara 70 ya ile iliyochakaa hadi kutambulika kwa shida. Bei zilibadilika upesi na mantiki ikafa. Namba zikabaki. Baadaye zikahamishiwa fedha, dhahabu na kila kitu. Kipimo cha shaba ya Marekani leo kinampima tembo wa Tabora, na watu wanakisoma kama kipimajoto.

(Sheldon mwenyewe, baada ya kufariki, aligunduliwa kwamba alikuwa amebadilisha senti nzuri za mkusanyo wa American Numismatic Society, New York, akiweka mbovu zake mahali pake. Angalau hakuna anayeweza kusema hakujua daraja.)

Kampuni ya daraja ya PCGS ilianza 1986 na NGC mwaka uliofuata, na zilileta kitu kikubwa: mtu asiye muuzaji wala mnunuzi anatoa maoni, na anadhamini kwamba sarafu ni halisi. Dhamana hiyo ya uhalisi kwangu ina uzito kuliko namba. Namba ni maoni ya watu waliozoea, waliotazama kwa sekunde chache kila kipande, na kati ya MS-60 na MS-70, ambazo zote ni sarafu zisizotumika, kinachotenganisha daraja na daraja ni wingi wa mikwaruzo, mahali ilipoangukia, na mvuto wa jicho. Jeraha kwenye shavu la malkia linaumiza kuliko jeraha lililojificha ndani ya nywele zake, hata likiwa dogo. Mvuto wa jicho haupimwi kwa rula. Ndiyo maana kuna watu wanaishi kwa kuvunja makasha na kuzituma upya sarafu zilezile, wakitumaini namba ya juu, na mara nyingine wanaipata. Kipimajoto hakifanyi hivyo.

Tena namba haisafiri vizuri. Daraja ambalo Mwingereza huliita EF (Extremely Fine) ni kali kuliko linaloitwa hivyohivyo Marekani, na hukaribia kile ambacho Mmarekani angekipa 50 na kitu. Mjerumani ana ngazi zake, na sarafu za Tabora nyingi hupita katika minada ya Ujerumani zikiwa na maelezo ya Kijerumani. Anayenunua kwa kutafsiri ngazi moja kuwa nyingine bila kuona picha kubwa za pande zote mbili, na za ukingo kama inawezekana, ananunua karatasi.

Kwa hiyo kasha ni mwanzo wa mazungumzo. Litazame kama unavyomsikiliza mtu aliyekutangulia kuiona sarafu na anayejua kazi, halafu iinamishe mwenyewe chini ya taa.

"Imetobolewa, basi haina thamani"

Dai la mwisho linakosea kwa upande wa pili, na huku kwetu ndilo lenye madhara zaidi. Pwani yetu na Oman, sarafu ya dhahabu imekuwa pambo kama ilivyo akiba: pauni yenye kishikizo shingoni, nyingine zimetobolewa na kuunganishwa kwenye mkufu. Tembo wa Tabora naye amevaliwa sana. Akija dalali anasema imeharibika, atakupa bei ya kuyeyusha, na familia inakubali.

Ni kweli kwamba sarafu kama hiyo haipewi namba kamili. Ni kweli pia kwamba anayeitafuta Tabora na hana uwezo wa kununua iliyo safi huwa tayari kulipa zaidi ya uzito kwa iliyotobolewa, ilimradi imeelezwa ilivyo. Shida huanza pale mtu anapojaribu kuificha. Tundu huzibwa kwa dhahabu na herufi kuchongwa upya juu yake. Kishikizo hutolewa na ukingo hupigwa tupa. Itazame sarafu yoyote usiyoijua kwa kuuzungusha ukingo wake wote chini ya lenzi, ukianzia juu ya kichwa, mahali ambapo kishikizo huwekwa. Meno ya ukingoni yakikatika, au yakinenepa kwa milimita mbili tatu, au rangi ikigeuka kuwa nyeupe zaidi au nyekundu zaidi, hapo palilehemewa. Tundu lililozibwa huonekana upande wa pili kama kivuli cha mviringo ambacho mng'ao unakizunguka bila kukipita.

Kwa hiyo anayerithi pauni au tembo mwenye kishikizo asimwombe sonara akiondoe kabla ya kuuza. Lehemu ikishayeyushwa tena hutambaa zaidi kwenye meno na kwenye herufi, na moto wenyewe hubadilisha rangi ya uso wote. Iende sokoni na kishikizo chake, na muuzaji aandike kwamba kipo.